Barua kwa mwanangu: simu iliyoguswa

Marahaba mwanangu. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala nimeibana sikioni huku konda anagonga bati, ya pili nyumbani na mama yako yuko pembeni, na yeye ndo akasema hii usimjibu kwa voisi, kaa chini uandike, mtoto kauliza kitu cha maana. Kwahiyo naandika. Nikizunguka nivumilie, unanijua.

Ulichouliza nimekinakili kwenye daftari ili nisipotee. Bosi wenu hapo Nairobi kawaambia kuanzia mwezi ujao tamthilia zote za Kituruki zitatafsiriwa kwanza na mashine, hii AI, alafu nyinyi mtakuwa "mnapitia tu", na malipo ya kila dakika ya filamu yanashuka mpaka nusu. Ukaniuliza, baba wewe uko kwenye ufundi miaka arobaini na kitu, vitu vinakuja vinaondoka na bado unakula, je hii kazi yangu imefika mwisho? Niiache nikasome koding, kuandika programu za kompyuta? Alafu ukamalizia na kacheko, "si wewe ndo unapenda teknolojia kuliko watu wote ninaowajua." Hapo ukanichokoza.

Napenda kweli, siwezi kukataa. Hii akili mnemba, kama wanavyoiita kwenye taarifa ya habari, mi niliijaribu mapema tu, ile ChatGPT ilitoka mwishoni mwa Novemba 2022 na krismasi ya mwaka ule nilishaanza kuisumbua maswali kwa Kiswahili. Nakumbuka niliiuliza habari ya redio ya Philips inayokoroma ukipandisha sauti, ikanijibu vizuri, kwa adabu, kuliko mafundi wengi wa Kariakoo, alafu kwenye hatua ya nne ikaniambia nibadilishe kitu ambacho kwenye ile redio hakipo kabisa. Yani inakudanganya na haikwepeshi macho. Ile ndo ilinishtua, sio kwamba inakosea, maana fundi gani hakosei, ila mtu akikosea unamwona usoni anababaika.

Sasa twende kwenye swali. Kwanza hii hofu ya mashine usidhani ni ya kizazi chenu. Mwaka 1974 serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ndio, marufuku kabisa, na TV nazo zikaingia humohumo. Sababu ni kwamba Hazina walikuwa wamejaribu kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta, hesabu zikavurugika vibaya wakarudi kwenye vitabu na kalamu, basi hasira zikamaliziwa kwa mashine. Zanzibar wenzetu wakati ule walikuwa tayari na televisheni, tena ya rangi, sisi huku bara tumekuja kupata kituo cha TV mwaka 1994. Miaka ishirini nyuma! Kwahiyo mtu akiniambia dawa ya mashine ni kuizuia namwambia tulishajaribu, na tulichopata ni mafundi wa TV wachache sana, mimi nikiwa mmojawapo, tulioanza kujifunzia kwenye TV za watu.

Mi niliingia ufundi mwaka 1982, pale mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mzee mmoja aliyekuwa haongei. Zile zilikuwa enzi za kukosa kila kitu, sabuni hakuna, sukari kwa foleni, redio mpya ndo usiulize. Betri tu ilikuwa shida, watu walikuwa wanazianika juani kwenye bati kama dagaa ili zipate nguvu kidogo wasikilize taarifa ya saa mbili usiku, na zilikuwa zinapata kweli, sio uchawi. Kwahiyo redio ikiharibika haitupwi. Redio ilikuwa mali, kwenye mirathi inatajwa. Mtu anakuletea redio ya marehemu baba yake imefungwa na kanga, unaifungua mende wanatoka, unatafuta transista kwenye redio tatu zilizokufa, unalehemu, unajaribu, na ikilia tu yule mtu anashika kifua. Tulikuwa tunaheshimika. Niliposa kwa kina mama yako kama fundi redio na babu yako hakuuliza swali la pili.

Ile kazi ikafa, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri, maana watu wanadhani iliuliwa na TV, au na simu. Hapana. Redio haikufa, mpaka leo watu wanasikiliza redio, hata wewe unaisikiliza kwenye simu. Kilichoniua mimi ni bei. Mipaka ilipofunguliwa wakati wa Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mali ikaanza kuingia, alafu baadae vikaja vile viredio vya Kichina, vyepesi kama kibiriti, ukikidondosha kinapasuka lakini bei yake ni sawa na bei yangu ya kutengeneza. Siku mteja alipogundua kwamba kwa hela ileile ananunua kipya, mimi nimekwisha, na hata ningekuwa fundi bora Afrika nzima isingesaidia. Kile kiredio hakikuwa na ubora wowote, sauti kama mtu anaongea ndani ya ndoo, ila kilikuwa kinatosha.

"Kinatosha". Hilo neno ndo adui yako mwanangu.

Na mimi nilichelewa kuelewa, nakwambia ukweli. Nilikaa na redio miaka mitatu zaidi ya nilivyotakiwa kukaa, kwa kiburi tu, nikisema watu watarudi, kitu imara kina wenyewe. Unaikumbuka ile shelfu ya juu ofisini, wewe ulikuwa mdogo unapenda kusoma majina kwenye zile plasta nilizobandika? Mzee wa Ilala. Mama Tandika. Mwalimu. Zile ni redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nilishazitengeneza zote zinalia. Mmoja nilikutana nae Msimbazi nikamwambia redio yako tayari, akasema aah fundi, nilishanunua nyingine, ile we kaa nayo tu. Ya Mwalimu bado ninayo mpaka leo.

Simu ndo ziliniokoa. Simu za mkononi zilianza Dar 1994, ila zilikuwa za mabosi, kufikia 2003 hivi ikatoka ile Nokia 1100 yenye tochi, ambayo duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na nadhani nusu ya Kariakoo nzima ilipitia mikononi mwangu. Ilikuwa simu ya kwetu ile, vitufe vyake vimefunikwa vumbi lisiingie, na tochi ya kuendea chooni usiku, sijui nani aliwaambia Wafini kwamba vyoo vyetu viko nje. Nikajifunza upya. Na miaka arobaini nilikuwa nayo, yani nimekaa kwenye benchi na vijana wa miaka kumi na tisa wananifundisha kuflashi, yani kuiwekea simu programu upya, wananiita mzee huku wananicheka, nikameza. Kila nilichokijua kwenye redio kilinisaidia robo tu, robo tatu ilikuwa mpya. Mtu akikwambia ujuzi wako wote utahamia nao, anakufariji.

Basi, sasa nakuja kwenye kitu ambacho nilikifikiria usiku mzima baada ya voisi yako, maana kuna sehemu umesema bosi kasema nyinyi "mtapitia tu".

Juzi, Jumanne, kaja dada mmoja na simu haishiki chaji. Kaja nayo kwenye mfuko wa rambo. Nikaishika tu nikajua imeguswa, maana upande mmoja haijakaa sawa, unapitisha kucha inaingia. Nikamuuliza, imeshafunguliwa hii? Akasema ndio, kuna fundi mtaani kwetu alishafanya kazi kubwa, bado kidogo tu, wewe malizia nikupe elfu tano. Nimefungua, mwanangu. Skrubu mbili hazipo, moja iliyobaki ni ndefu kuliko inavyotakiwa imetoboa kuelekea kwenye bodi. Gundi ya supaglu mpaka kwenye soketi. Sehemu ya sistimu chaji mtu kapiga bloa la hewa ya moto mpaka bodi imebadilika rangi, na kuna vidude vidogo pembeni, vile vya ukubwa wa punje ya ulezi, vimehama sehemu yake, viwili vimepotea. Simu ambayo ingekuja kwangu haijaguswa ningeitengeneza nusu saa, ilikuwa na vumbi la mfukoni tu kwenye tundu la chaji nina uhakika. Hii ilinichukua asubuhi nzima, na muda mwingi sikuwa natengeneza, nilikuwa natafuta yule mwenzangu alifanya nini na wapi. Maana kosa la simu lina tabia yake, unalijua, linafuata njia. Kosa la fundi halina njia, linaweza kuwa popote.

Ndo maana fundi yeyote wa Kariakoo, muulize mmoja mmoja, simu iliyoguswa ni bei juu. Sio nusu, juu. Na wengine wanaikataa kabisa.

Sasa bosi wako anakuletea simu iliyoguswa na anataka kulipa elfu tano ya kumalizia.

Nilielewa vizuri zaidi kwa sababu ya mama yako. Unajua tamthilia zake za jioni, saa ile huwezi kumuuliza hata chumvi iko wapi. Sasa mwezi uliopita kuna moja, sitaji kituo, maandishi ya chini yalikuwa yanasema yule mwanamke mwenye kilemba ni shangazi wa binti. Shangazi, shangazi, wiki nzima shangazi. Alafu siku ya msiba analia "dada yangu, dada yangu" juu ya jeneza la mama wa binti. Mama yako akageuka, akaniangalia kama mimi ndo nimeandika, "Shangazi gani huyu marehemu ni dada yake? Si mama mdogo huyu?" Na kwenye hadithi ile ni jambo kubwa, maana baadae ndo anataka kumchukua binti akamlee, na mama mdogo na shangazi kumchukua mtoto ni habari mbili tofauti kabisa, ukoo mmoja na mwingine.

Nikakupigia ukanieleza, na nikasema hii lazima nimsimulie kila mtu. Kumbe Waturuki wana maneno yao kamili kama sisi, teyze ni dada wa mama, hala ni dada wa baba, amca ni ndugu wa baba na dayı ni mjomba, kila mtu na kiti chake. Ila kuna mashine zinapitia Kiingereza katikati, na Mwingereza yeye ana neno moja tu kwa wote wa kike na moja kwa wote wa kiume, hajali. Kwahiyo Mturuki kasema sawa, Mswahili angeelewa sawa, aliyesimama katikati ndo kavuruga. Na ukaniambia hata neno lao kardeş, yani ndugu, Waturuki hawatenganishi wa kike na wa kiume kama sisi tusivyotenganisha kwenye ndugu, mashine inapita kwa Mwingereza inalazimishwa kuchagua, alafu mtu kwenye skrini anaitwa kaka na ana mimba. Nilicheka nikalia.

Na mkwe anamwambia baba mkwe "wewe njoo ule". Jamani. Kwa Kiswahili yule binti angerudishwa kwao siku hiyohiyo.

Hizo ndo zile punje za ulezi zilizohama. Mtazamaji hazioni moja moja, anaona tu kwamba hadithi haimshiki, anabadilisha chaneli. Na wewe kuzikamata inabidi uangalie filamu nzima, usikilize Kituruki, usome Kiswahili cha mashine, ujiulize huyu ni nani kwa huyu, yani kazi ileile ya mwanzo pamoja na kazi ya kumpeleleza fundi aliyetangulia. Tena mashine inaandika Kiswahili kilaini, kinateleza, jicho linapita juu ya kosa kama limepakwa mafuta. Angalau fundi mbovu anaacha gundi unaiona.

Ila nisikudanganye kwa upande wa pili. Mwaka huu nimenunua inveta ya sola imekuja na kitabu cha Kichina kitupu, nikakipiga picha na simu, sekunde kumi nasoma Kiswahili, kibovu kibovu lakini nimeunganisha waya na nyumba haijaungua. Je ningemtafuta mtafsiri nimlipe? Nisingemtafuta. Ningebahatisha. Kwahiyo kazi nyingi ambazo hii mashine inazifanya hazikuwa za mtu yeyote, na hapo mi naishangilia. Alafu zipo zilizokuwa za watu na zitakwenda, matangazo ya sabuni, maelekezo ya kutumia apu, zile filamu za usiku wa manane ambazo hata anayezionyesha haziangalii. Huko kiredio cha Mchina kimeshafika na kinatosha. Usikae huko miaka mitatu kwa kiburi kama mimi.

Cha kujiuliza kwa kila kazi ni rahisi tu: ikikosewa nani anaumia, na huyo anayeumia ndo mwenye hela? Kwa kiredio hakuna anayeumia. Kwa karatasi za hospitali, kwa mkataba, kwa kesi, mtu anaumia vibaya. Kwa tamthilia, anaumia mama yako, ambaye hana hela ya kumlipa bosi wako lakini ana rimoti, na wako wengi wenye rimoti. Bosi wako ataligundua hilo kwa kuchelewa, wenye mali huwa wanachelewa.

Kuna kitu kingine nataka ukikumbuke kabla hujakata tamaa na kazi yenyewe. Ulishawahi kuingia kibanda umiza? Nadhani kaka zako walikuficha. Vile vibanda vya video vya mtaani, mabenchi ya mbao, joto, jasho, watoto wamekaa chini mbele, mnaangalia Mchina anapigana, na juu ya sauti ya filamu anaingia Lufufu anatafsiri. Lufufu bwana! Unadhani alikuwa anatafsiri? Alikuwa anampeleka yule Mchina Manzese. Adui anaingia, Lufufu anakwambia jamaa huyu anadaiwa kodi ya nyumba miezi mitatu. Mtafsiri wa chuo angezimia. Ila kibanda kilikuwa kinajaa kwa ajili yake, watu wanauliza mlangoni, ni ya Lufufu? kama sio wanarudi. Filamu yenyewe ungeweza kuiona popote, watu walikuwa wanalipia sauti ya mtu wa kwao anayeiona pamoja nao. Na Kenya huko kwenu mnae DJ Afro, kazi hiyohiyo. Sasa wenye vituo vikubwa walipokuja na tafsiri safi, studio safi, waliwaona kina Lufufu ni wahuni, na mi nasema pale ndo walitupa kitu cha thamani. Kile ambacho mashine inakifanya vizuri ni kilekile kilichokuwa hakina ladha tangu mwanzo.

Vijana wa singeli wamelielewa hili kuliko mabosi wote. Wamechukua kompyuta mbovu, wakachukua taarabu, wakaikimbiza mpaka mapigo mia mbili kwa dakika na zaidi, kelele tupu kwa masikio yangu, mama yako anafunga dirisha. Lakini nani aliwafundisha? Hakuna kitabu kilichosema ile programu itumike hivo. Dunia nzima sasa inakuja kuwasikiliza. Mi singeli siipendi ila nawavulia kofia.

Kuhusu koding. Kasome kama inakuwasha mikono, kama unafungua kitu usiku huku unatakiwa kulala. Mimi niliingia simu kwa njaa lakini nilibaki kwa sababu nilizipenda. Ila kama unakwenda kwa kuikimbia hii mashine, mbona huko ndo nyumbani kwake? Kuandika hizo programu ni moja ya vitu inavyoviweza sana, kijana wangu wa benchi hapa hajui hata kujumlisha vizuri na ameshaiambia imtengenezee kiprogramu cha kuhesabu simu zinazoingia na kutoka, na kinafanya kazi. Na usidhani ile mashine haina watu ndani. Hapohapo Nairobi unapokaa, gazeti la Time la Marekani liliandika Januari 2023, kulikuwa na vijana wanakaa kuisomea maandishi machafu ya kila aina, ya mauaji, ya watoto, ili ijifunze kuyakwepa, kwa chini ya dola 2 kwa saa. Mtu anaposema mashine inafanya bure, muulize nani amelipwa kidogo.

Na huyo kijana wangu, ngoja nikwambie hiki, ni kidogo. Unakumbuka Jumapili ile ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima? Jumatatu kafika kazini, kafungua bodi ya simu, kachukua simu yake aangalie ramani ya bodi YouTube, haifunguki. Kakaa. Saa nzima kakaa na bisibisi mkononi anasubiri. Nikamwambia chukua mita upime, anza kwenye chaji uje ndani, hatua kwa hatua, umeme hauna intaneti. Akapima, akaipata saa nane mchana. Siku hiyo nilimpenda yule mtoto. Sikumsimanga, maana na mimi ramani za YouTube naziangalia kila siku, nisingependa kurudi enzi za kubahatisha. Ila mita ajue kuitumia. Wewe mita yako ni sikio, na Kituruki ulichokisotea miaka minne. Usikubali kizembee kwa sababu mashine inakutangulia kusoma, angalia kipande mwenyewe kwanza, hata mara moja, ndo ufungue ya kwake.

Basi nikwambie ningefanya nini ningekuwa mimi. Nisingegombana na bosi mwezi huu. Ningechukua vipande viwili vya urefu mmoja, kimoja nakitafsiri mwenyewe toka mwanzo, cha pili napitia cha mashine, nawasha saa kwenye simu kote kuwili, naandika. Dakika ngapi, makosa mangapi, mangapi ni ya koma na mangapi ni ya shangazi. Nafanya hivo wiki mbili. Alafu naingia ofisini kwake na daftari, sio na machozi, namwambia kupitia nitapitia, ila nilipe kwa saa, usinilipe kwa dakika ya filamu, maana dakika ya filamu iliyoharibika sio sawa na iliyokaa vizuri. Mwenye simu iliyoguswa nae nilimuonyesha skrubu kwanza, nikaziweka kwenye karatasi nyeupe mbele yake na ile bodi iliyoungua, ndo tukaongea bei. Alilipa elfu thelathini. Alinuna lakini alilipa.

Bosi akikataa, napo umejua. Kuna siku na mimi nilibeba ile mita yangu nikahama benchi. Na kama ukikwama kodi ya nyumba mwezi mmoja au miwili usikope kwenye zile apu za mikopo, wanakuja kunipigia mimi na shangazi yako na mchungaji, sema nyumbani. Tutaona.

Mama yako anakusalimu. Anasema hiyo tamthilia yao mpya inayoanza Jumatatu, kama ni nyinyi mnaifanya, umwambie mapema yule mzee mwenye fimbo ni baba mkubwa au ni mjomba, maana kwenye tangazo wamemwita vyote viwili.

Baba yako.